Dume la panya lenye nguvu na lisilozaa

Hapa Mombasa, mke wa Likoni au Kisauni akikaa miaka miwili kwenye ndoa bila kushika mimba, yeye ndiye hutafutiwa dawa. Mume haulizwi, maana tendo la ndoa analiweza. Sisi wa maabara tunajua kwamba nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili tofauti, na ushahidi wetu wa wazi kabisa umetoka kwa panya.

Ili kujua kazi ya jeni fulani, yaani kipande cha maelekezo ya urithi ndani ya seli, mtafiti huizima tangu panya akiwa kiinitete. Dume akikua huwekwa na majike wazima, kisha watoto wanahesabiwa. Zamani kumpata panya wa aina hiyo kulikula mwaka au zaidi; kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kubadili jeni, ni miezi michache. Mimba ya panya nayo ni kama siku 20 tu, kwa hiyo jibu halikawii.

Mwaka 2005 watafiti wa Osaka, Japani, waliizima jeni iitwayo Izumo1. Madume walitoka wazima. Walipanda majike kama kawaida, na mbegu zao zilikuwa na umbo zuri, zikaogelea, hata zikapenya utando wa nje wa yai. Hapo zikakwama: hazikuweza kuungana na yai lenyewe, na hakuna mtoto aliyezaliwa. Majike waliozimiwa jeni hiyohiyo walizaa bila taabu! Mbegu za madume hao zilipodungwa ndani ya yai kwa sindano, mayai yalirutubika na viinitete vikajipandikiza kwenye mji wa mimba.

Si kila jeni inayofanya kazi kwenye korodani ina uzito huo. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba jeni 54 za aina hiyo zilizimwa mojamoja na madume bado wakazaa. Ndiyo maana siridhiki mtu anapoambiwa ni mgumba kwa sababu tu jeni yake moja imeonekana na hitilafu.

Kwa hiyo bwana na bibi waende kliniki pamoja, tangu siku ya kwanza. Kipimo cha manii hakina maumivu. Mume hujizuia kutoa manii kwa siku 2 hadi 7 kabla yake. Majibu yakiwa mazuri na mimba bado haiji, mume asiondolewe kwenye uchunguzi: darubini ingewapitisha hata wale madume wa Osaka.