Kampala na Nairobi: yanayosemwa na yanayolipwa

Swali huwa lile lile: Kampala ni nafuu kuliko Nairobi? Huulizwa na mzazi wa Kisumu mwenye mtoto aliyepata nafasi Makerere, na kijana aliyeahidiwa kazi huku Kampala. Hujibiwa haraka na kwa uhakika, mara nyingi na mtu aliyekaa Kampala wikendi moja. Sisi wasemaji wa Kiswahili wa mji huu, Wakenya, Wakongo, Watanzania, Wanubi na Waganda wenyewe, tumeyasikia majibu hayo hadi tumeyazoea. Mengi yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo humponza mtu.

«Kampala kila kitu ni rahisi»

Kosa huanzia kwenye noti. Kwa viwango vya 2025, shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu shilingi 28 za Uganda. Mgeni hubadilisha elfu kumi pale Busia, akapewa kama laki mbili na themanini, akajiona tajiri. Anasikia elfu mbili, elfu tano, anatoa bila kufikiri. Chukua roleksi, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, chakula cha kila kona kuanzia Wandegeya hadi Nakawa. Ikiuzwa elfu mbili na mia tano, hiyo ni shilingi 90 hivi za Kenya. Chapati na mayai mawili kwenye kibanda cha Nairobi haviko mbali na hapo. Ni tamu, ndiyo, lakini rahisi si sana.

Kilicho rahisi kweli ni mazao ya shamba. Matoke, mihogo, viazi vitamu, maharage, parachichi, nanasi. Sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, na mashamba ya Masaka, Mukono na Luweero yako saa chache tu kutoka soko la Kalerwe au Nakasero. Kenya yenyewe hununua mahindi, mayai na maziwa kutoka Uganda, kwa hiyo si ajabu bei ya huku iwe chini. Halafu kuna desturi ya vibanda vya Kampala ambayo humchukua mgeni muda kuielewa: unacholipia ni mchuzi. Ukiagiza maharage au mchuzi wa karanga, matoke, posho (ndio ugali wa huku), wali, viazi na malenge hupangwa kwenye sahani moja na bei haibadiliki. Aliyezoea kuagiza ugali na sukumawiki kwanza huduwaa, kisha hunenepa.

Ukitoka kwenye shamba ukaingia supamaketi, hesabu inageuka. Uganda haina bahari. Friji, vipuri vya gari, nepi na mitungi ya gesi, vingi huteremkia Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori hadi Kampala, vikipita Nairobi njiani. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, wakati Kenya ni 16. Mafuta ya gari pia, mengi hupitia Mombasa. Kenya hutangaza kikomo cha bei ya petroli kila mwezi, ilhali Uganda huliachia soko. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya UVIKO-19, Kampala ilipata somo lake: petroli iliadimika, na bei ikapaa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo mtu anayekula Kiganda ataona nafuu. Anayetaka kuendeleza maisha ya Kilimani, mtaa wa Nairobi, akiwa Bugolobi ya Kampala, na jibini na gesi na gari lake, atalipa zaidi ya alivyolipa alikotoka.

«Nchi ya Mto Nile, umeme ni wa bure»

Mabwawa yapo, tena mengi. La Owen Falls pale Jinja, sasa Nalubaale, lilifunguliwa 1954. Bujagali ya megawati 250 ilikamilika 2012, Isimba ya 183 ikafuata 2019, na Karuma ya megawati 600 ikazinduliwa 2024. Maji ni ya Mungu, ila ukuta na mitambo ni ya mkopo, na mkopo hulipwa kupitia bili. Gharama ya Bujagali hasa ililaumiwa miaka mingi kwa kupandisha bei ya umeme. Hata baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kuisha mwishoni mwa Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, kushika usambazaji, yuniti ya nyumbani ilibaki zaidi ya shilingi 750. Igawe kwa 28 uone: Nairobi hawako mbali na hapo.

Unafuu upo pembeni. Yuniti 15 za kwanza kila mwezi hutozwa 250 tu, na kuna bei ya chini ya kupikia, ya yuniti 81 hadi 150. Mwenye taa tatu, televisheni na simu hunufaika na ile ya kwanza. Ile ya pili wengi hawaifikii, kwa sababu wanapika kwa makaa, nayo makaa hayako kama zamani. Mei 2023 rais alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi, na gunia likawa jambo la kujadiliwa nyumbani.

Maji ni hadithi nyingine, na hapo Kampala inashinda. Mitambo ya Ggaba iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, mjini kabisa. Nairobi hutegemea hasa bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na mitaa mingi imeishi kwa ratiba ya mgao tangu 2017. Mkazi wa Embakasi akihamia Ntinda hushangaa kuona watu wasio na matangi.

«Nyumba ni nusu ya bei ya Nairobi»

Inategemea unaulizia kilima gani. Kololo, Nakasero na Naguru kodi hutajwa kwa dola, na wapangaji ni mabalozi na mashirika. Hapo hakuna nusu bei. Chini ya vilima kuna vile vinavyoitwa huku mizigo, vyumba vya safu moja vyenye choo cha pamoja uani, na hivyo ni rahisi kweli. Katikati kuna Kisaasi, Kyanja, Najjera na Kira, ambako nyumba ya vyumba viwili vya kulala hupatikana kwa pesa ambayo Kilimani ingekupa chumba kimoja cha kujibanza.

Kuna mambo mawili ambayo tangazo halisemi. La kwanza ni malipo ya kuingilia. Wenye nyumba wengi wa Kampala hudai miezi mitatu mbele, wengine sita, na mgeni aliyezoea mwezi mmoja na amana hukwama mlangoni. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka kodi itajwe kwa shilingi za Uganda isipokuwa pande zote mbili zikubaliane vingine, na inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ijue, itaje kwa adabu mbele ya landilodi, usitarajie ishangiliwe.

La pili ni barabara. Nyumba nzuri ya bei nzuri iko Namugongo au Gayaza, na kazi yako iko mjini. Taksi, ile ambayo Nairobi huitwa matatu, haina nauli maalumu: mvua ikinyesha inapanda, na jioni inapanda tena. Foleni ikikushinda unarukia bodaboda, asubuhi na jioni. Ukijumlisha mwisho wa mwezi, unaweza kukuta tofauti ya kodi kati ya Namugongo na Ntinda imeishia kwa waendesha pikipiki, na wewe umekula vumbi bure.

«Kenya ndiko wanakokatwa kodi, Uganda mshahara unafika mzima»

Dhana hii inanikera kuliko zote, kwa kuwa inasikika kuwa na akili. Wakenya wamelalamikia makato yao hadharani, na wana haki: asilimia 1.5 ya mshahara kwa mradi wa nyumba, 2.75 kwa bima ya afya tangu Oktoba 2024, na NSSF, akiba ya uzeeni. Uganda, mbali na kodi ya mapato, mfanyakazi hukatwa NSSF asilimia 5, na kodi ndogo ya serikali ya mtaa kwa mwaka. Inaonekana ni raha.

Angalia kodi ya mapato inaanzia wapi, kwa viwango vya 2025. Kenya, ukishahesabu nafuu ya mlipakodi, mshahara wa chini ya shilingi 24,000 za kule haukatwi kodi hiyo. Hizo ni kama laki sita na sabini za huku. Uganda, kodi huanza ukipita 235,000, sawa na shilingi 8,400 za Kenya, na ukivuka 410,000 tayari uko kwenye asilimia 30.

Tuweke mshahara wa milioni moja. Kwa viwango vya 2025, Kampala kodi inachukua 202,000 na NSSF 50,000, unabaki na 748,000 kabla ya ile kodi ndogo ya mtaa. Mwenzako wa Nairobi mwenye thamani hiyo hiyo, kama shilingi 35,700 za Kenya, akishakatwa NSSF, bima, nyumba na kodi ya mapato, anabaki na karibu 30,000. Zibadilishe: zaidi ya 840,000. Anayelalamika ndiye aliyebaki na nyingi. Kwenye mishahara mikubwa sura hubadilika, lakini wengi wetu hatuko huko.

Tena hiyo ni kwa kudhani mishahara inalingana, na kwa kawaida hailingani. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo ni roleksi mbili na chenji kidogo. Mswada wa kukibadilisha ulipitishwa na Bunge 2019, rais hakuutia sahihi. Kenya hutoa amri za mishahara kila baada ya muda. Kibarua wa kawaida Nairobi aliwekewa zaidi ya shilingi 15,000 mwaka 2022, na imeongezwa tangu hapo. Kampala huonekana rahisi zaidi kwa anayelipwa kutoka nje. Muuzaji wa duka la Kikuubo, eneo la biashara ya jumla mjini, ukimwambia mji wake ni wa bei nafuu atakuuliza unafanya kazi wapi.

«Orodha za intaneti zimeshapima»

Zimepima kitu kingine. Orodha ya gharama za maisha ya Mercer, kampuni ya ushauri, hutengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazohamisha wafanyakazi wa kigeni, na New York ndiyo kipimo chake. Haikuulizia kodi ya mzigo wa Bwaise, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Tovuti ya Numbeo hujazwa na watu wenyewe, na wanaojaza mara nyingi ni wale wanaokunywa kahawa ya mashine.

Kwenye ubora wa maisha, sifa hugawanywa ovyo. Kampala husifiwa kwa joto la wastani na kijani chake, na baridi ya Julai ya Nairobi, mji ulioko mita 1,795 juu ya bahari, huwafanya Waganda wengi watamani kurudi. Lakini kijani si hewa safi. Vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vimeonyesha mara kwa mara vumbi na moshi wa Kampala ukivuka mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Na pa kutembea ni pachache. Kampala haina msitu wa Karura wala mbuga ya taifa ndani ya mji. Hospitali za serikali za Uganda ziliondoa ada mwaka 2001, jambo zuri, ila dawa zikiisha unaandikiwa ukanunue nje, na bima ya afya ya taifa haijaanza.

Wizi? Simu hunyakuliwa miji yote miwili. Funga dirisha la taksi.

Limebaki moja, linalowahusu wenye lugha yetu. Ukifika soko la Owino na kuulizia suruali kwa Kiswahili safi cha Mombasa, utatajiwa bei ya mgeni. Muuzaji ameshakuweka upande wa Wakenya wenye pesa, au wanajeshi, ambao kwa muda mrefu ndio waliojulikana kwa Kiswahili huku. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni, ila sokoni uamuzi huo bado haujafika. Jifunze salamu na hesabu za Kiganda kabla ya fanicha. Kitanda na sofa, mwachie jirani akakununulie.