Siagi Isiyo na Maziwa: Chardonnay ya Chablis Inavyopata Ladha Yake

Mtu akisikia harufu ya siagi kwenye mvinyo wa Chardonnay hudhani kuna kitu kimetiwa ndani. Hakuna. Chardonnay ni zabibu nyeupe isiyo na harufu kali ya kwake, kwa hiyo haifichi ilikolimwa wala ilivyotunzwa.

Tuchukue Chablis, kaskazini mwa Bourgogne, Ufaransa, kandokando ya mto Serein. Huko zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, si mara mbili kama Dodoma, na huiva polepole. Zabibu ikiiva, sukari hupanda huku asidi ya maliki, ile inayoyapa matufaha mabichi ukali, ikipungua. Joto huimaliza upesi. Usiku wa baridi huibakiza. Wengi husifu udongo wa chokaa wenye visukuku vya chaza, lakini kwa maoni yangu uchachu ule wa kujaza mate mdomoni ni kazi ya baridi kwanza.

Baridi hiyo hiyo huua. Machipukizi yakifunguka Aprili, jalidi ya usiku mmoja huyaunguza, kama ilivyokuwa 2021. Wakulima huwasha majiko kati ya mistari, au hunyunyizia maji mpaka kila chipukizi livikwe barafu. Maji yakiganda hutoa joto, na chipukizi hubaki karibu na nyuzi sifuri. Ila pampu ikizimika kabla ya kupambazuka, afadhali usingenyunyizia kabisa.

Sasa ghalani. Hamira ikishamaliza sukari, bakteria huigeuza asidi ya maliki kuwa asidi ya laktiki, ile ya mtindi, iliyo laini zaidi. Wakiwa kazini huachia diasetili, na hiyo ndiyo siagi yenyewe. Watengenezaji wengi wa Chablis huwaacha bakteria hao wamalize, kisha huulaza mvinyo juu ya mashapo ya hamira, ambayo huila diasetili taratibu: harufu ya siagi hufifia, ulaini ukabaki. Anayetaka ukali wote hupoza tangi na kuwachuja bakteria.

Tangi la chuma cha pua haliongezi harufu. Pipa jipya la mwaloni huleta vanila na mkaango. Pipa kuukuu hupitisha hewa kidogo tu. Chablis ya kawaida hukaa zaidi kwenye chuma, na ile ya Grand Cru, daraja la juu kabisa, kama ya shamba la Les Clos, mara nyingi hupitia mapipa. Ukiwekewa glasi mbili, anza na ya chuma. Vanila ikitangulia, ile ya pili utaiona maji matupu.