Protini si kufuli gumu

Tangu mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alipotoa mfano wa kufuli na ufunguo mwaka 1894, wengi wameamini kwamba dawa huingia katika protini kama ufunguo katika kufuli lisilobadilika umbo. Mfano huo ulifaa kwa wakati wake, lakini protini haitulii, na mwaka 1958 mwanabiokemia Mmarekani Daniel Koshland alieleza kwamba kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, hujirekebisha kinapokutana na molekuli inayokifaa. Katika protiasi (kimeng'enya kinachokata protini) ya virusi vya UKIMWI, kwa mfano, sehemu mbili zinazonyumbulika huinama kama vifuniko na kuifunika dawa iliyokwisha kuingia. Picha ya fuwele ya protini, yaani protini iliyojipanga na kuwa kigumu, inayopatikana kwa eksirei, pamoja na ubora wake, kwa kawaida huonyesha mkao mmoja tu. Ndiyo maana watafiti hutumia pia mbinu ya NMR, inayotumia sumaku kali na mawimbi ya redio, na inayofuatilia mijongeo hiyo protini ikiwa bado ndani ya maji.