Eti mti unameza sumu unaificha? Sio hivyo jamani

Kuna stori inazunguka kwamba udongo ukiharibiwa na kemikali we panda miti tu, mti utanyonya sumu utaiweka ndani halafu siku moja mnaukata mnaenda kuutupa. Hiyo ni kweli kidogo kwa metali kama risasi, maana risasi haivunjiki, ikiingia kwenye mmea imeingia. Ila TCE, ile dawa ya kuoshea grisi kwenye vyuma, inayoleta kansa ya figo, hiyo inaruka hewani kirahisi na mambo yake ni mengine kabisa. Mti ukivuta maji TCE inapanda nayo, nyingine inavunjwa humohumo ndani, nyingine inatokea kwenye shina na majani, na kule kwenye mizizi bakteria nao wanapiga kazi.

Hapo mtu anadakia, "kumbe mnaitoa ardhini mje mtupumulishe sisi!" Swali la maana, sio la kucheka. Ni kweli kiasi fulani kinatoka, na kikifika hewani jua linakivunja kwa siku kadhaa, lakini angalia walichofanya Mountain View, California, pale viwanda vya zamani vya chipu za kompyuta vilipoacha TCE kwenye maji ya chini: Sharon Doty wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walipanda miti ya mipopla (poplar) waliyoipa bakteria aitwaye PDN3, matokeo wakayatoa 2017. Mipopla yenye bakteria ilinenepa shina 32% zaidi ya ile isiyopewa, na kwenye udongo wa mizizi kloridi ilizidi kwa 50%, na kloridi ndo mabaki ya TCE iliyovunjwa, kwa hiyo haikuhama tu, ilikufa. Maji yaliyoingia eneo la miti yalikuwa na kama maikrogramu 300 kwa lita, upande wa pili yakatoka chini ya 5, ambayo ndo kikomo cha maji ya kunywa Marekani.

Sasa usikimbilie mti wowote. Unataka mti mlevi wa maji, mizizi iyafikie, na ujue TCE ni nzito kuliko maji, ikizama sana mti hauwezi kuigusa. Halafu ni kazi ya miaka, na kwenye nchi za baridi majani yakidondoka mti hauvuti tena maji, pampu imezima.

Na wale wanaosema maua ya sebuleni yanasafisha hewa, lile jaribio la NASA (shirika la anga la Marekani) la 1989 wanalolitegemea lilifanyika kwenye viboksi vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha nyumba ya kawaida ingehitaji mimea 10 hadi 1000 kila mita ya mraba ili isafishe hewa kama inavyosafishwa na hewa inayoingia na kutoka tu, sasa kochi utaweka wapi? Fungua dirisha tu.