Je, wajua? Deodoranti ya kutengeneza nyumbani haizuii jasho, sasa mbona inakata kikwapa?

Unachanganya mafuta ya nazi, baking soda na wanga wa mahindi mpaka unapata rojo zito, unapaka, unatoka zako. Ikifika mchana kwapa limelowa kama kawaida, shati limeshachora ramani, ila harufu hamna. Hapo ndo wengi wanatupa kopo zima wakisema hii kitu haifanyi kazi, mbona bado natoka jasho, na yote ni kwa sababu ya imani moja sugu kwamba jasho ndo linalonuka.

Jasho halinuki. Lile linalochuruzika sasa hivi, liwe la usoni au la kwapani, halina harufu ya maana. We angalia watoto wadogo, wanacheza juani mpaka nguo zinakamulika lakini kikwapa hawana, na sio kwamba wanaoga kutuzidi sisi. Ni kwamba tezi za jasho ziko aina mbili kubwa: kuna zilizotapakaa karibu mwili mzima, hizi zinatoa maji na chumvi za kupoza joto, halafu kuna za kwapani na kinenani ambazo zinaanza kazi wakati wa balehe na zinatoa ute wenye mafuta na protini. Hata huo ute wenyewe ukitoka haunuki. Unanuka ukishaliwa.

Wanaoula ni bakteria wanaoishi kwapani, na kati yao kuna mmoja anaitwa Staphylococcus hominis ana mambo yake. Ndani ya ule ute kuna molekuli isiyo na harufu kabisa ila imebeba kipande chenye salfa. Huyu bakteria anaivuta mpaka ndani ya mwili wake, anaikatakata kwa vimeng'enya, anabaki na sehemu yenye faida kwake halafu kipande cha salfa anakitema nje. Ni kama mtu anayekula pipi na kutupa karatasi dirishani, pipi hatuioni, karatasi ndo zinatujaa sisi uani. Na pua ya binadamu inainasa hiyo "karatasi" hata ikiwa kiduchu mno, inanuka kama kitunguu kilicholala. Ndo maana kujipulizia pafyumu juu ya kikwapa ni kazi bure, anayetupa karatasi bado yupo na bado anakula. Bakteria wengine, kundi la Corynebacterium, wao wanachangia asidi zenye harufu ya beberu.

Kuna watu hawana hii shida kabisa, wengi wao wa Asia ya Mashariki, kwa sababu jeni yao (maelekezo ya urithi mwilini) inayoitwa ABCC11 iko tofauti na tezi zao karibu hazitoi hiyo malighafi. Bakteria wapo, chakula hamna. Na jeni hiyohiyo ndo inaamua nta ya masikio iwe kavu au ya kunata, kwa hiyo ukitaka kubashiri kikwapa cha mtu unaweza kuanzia sikioni, japo sishauri uombe.

Sasa turudi kwenye kopo. Wanga unanyonya unyevu kidogo, basi. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki karibu nusu yake, na asidi hiyo ikiwa peke yake inaua bakteria wa aina hii maabara, ila kwenye mafuta imefungwa ndani ya molekuli kubwa zaidi kwa hiyo nguvu yake kwapani sio ya kuapia. Kazi kubwa inafanywa na baking soda. Ukisugua ile rojo kati ya vidole utasikia chembechembe kama mchanga laini, hiyo ni baking soda ambayo haiyeyuki kwenye mafuta hata ukoroge vipi. Inayeyushwa na jasho. Likitoka tu, chembe zinaanza kuyeyuka, zinaua makali ya zile asidi zenye harufu ya beberu na kuwaharibia bakteria mazingira. Kumbe jasho ndo linaiwasha deodoranti! (Ile ya salfa haikamatwi hivihivi na baking soda, hapo msaada ni bakteria kupungua.)

Ubaya ni kwamba ngozi inapenda pH (kipimo cha uasidi, namba ikipanda uasidi unapungua) ya 5 hivi, na baking soda ikiyeyuka inafika 8. Tofauti ya 3 inaonekana ndogo ila kila hatua ni mara 10, yaani ni mara 1000, ndo unaona kwapa jekundu linalowasha, hasa ukipaka baada tu ya kunyoa. Kuna wanaosema huo upele ni sumu zinatoka mwilini. Hapana, sumu ni kazi ya ini na figo, huo ni muwasho, acha kupaka. Na usikimbilie ndimu, yenyewe ni asidi kali na ikikutana na jua inaweza kubabua ngozi. Wanaokimbia alumini iliyo kwenye dawa za dukani za kuzuia jasho wakahamia kwenye shabu nao wajue shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu.

Jingine, mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kukiwa na joto baking soda inazama chini ya kopo. Usipokoroga, siku za mwanzo unapaka mafuta matupu na kikwapa kiko palepale, halafu kopo likikaribia kuisha unapaka baking soda tupu, na wengi wanaolalamika kwamba imeanza kuwachoma ghafla wako hapo mwisho wa kopo.