Harmonika ya sauti ya chini haitaki mapafu ya mpiga mbizi

Jioni ile nilikaa kwenye mawe ya Kirumba, Mwanza, si mbali na mwalo, na harmonika (kinanda cha mdomo) mpya ya F ya chini. Herufi hutaja noti ya tundu la kwanza ukipuliza, na "ya chini" maana yake imeshushwa kuliko ya kawaida. Nikapuliza tundu la kwanza: kimya. Nikavuta: ukatoka mkoromo kama wa injini ya mtumbwi iliyoingiwa na maji. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akanitazama. "Kijana, hicho kimekufa." Nikamwamini. Usiku nikamwandikia muuzaji ujumbe mrefu wa lawama. Siku mbili baadaye nikamwandikia mwingine mfupi, wa kuomba radhi. Kinanda kilikuwa kizima. Mwenye walakini alikuwa mpigaji.

Dhana iliyoniponza ndiyo ninayoisikia kila mara: sauti nzito inataka pumzi nyingi. Ni kinyume chake. Ndani ya harmonika ya matundu 10 kuna vilimi 20 vya chuma, na kila kimoja hupeperuka ndani ya upenyo wake. Kilimi cha sauti ya juu ni kifupi na chepesi, hakichelewi kuitika. Cha sauti ya chini kina uzito nchani, kwa hiyo kinahitaji muda kidogo kuanza kutetema, na kikishaanza kinapepea mapana. Ukikipiga na pumzi kali tangu mwanzo, kinasukumwa na kuziba upenyo wake kabla hakijatetema, ndipo unapopata ule ukimya. Mkoromo una sababu nyingine. Vilimi vya kuvuta vimefungwa upande wa chini, nje ya bamba la chuma linalovibeba, na ukivuta kwa nguvu vinagonga kifuniko. Hohner, watengenezaji wa harmonika wa Ujerumani, wanalijua hilo: katika modeli yao ya Thunderbird, iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti za chini, kifuniko cha chini kimepewa umbo la kuviachia vilimi nafasi zaidi.

Zoezi lililonisaidia ni la kipuuzi kulitazama. Pumua kama unayetia mvuke kwenye miwani ili uifute. Pumzi ya vuguvugu, koo wazi, mabega yametulia. Sasa weka harmonika mdomoni bila kubadilisha chochote. Sauti ikichelewa, iache ichelewe, usiikimbilie. Mimi nilikaa wiki nzima kwenye tundu la kwanza na la pili tu, nikihesabu hadi nane kwa kila pumzi, na nilichoka zaidi akili kuliko mapafu.

Dhana nyingine nizisikiazo: "Hizi hazikunjiki," yaani noti zake haziwezi kushushwa kwa kinywa wakati wa kupiga. Zinakunjika, tena kwa mpango uleule wa harmonika ya C: tundu la 2 la kuvuta linashuka nusu toni mbili, la 3 linashuka tatu. Tofauti iko kinywani. Sauti hukunjwa kwa kubadilisha ukubwa wa nafasi iliyo nyuma ya meno, na noti ikiwa ya chini, nafasi hiyo lazima iwe kubwa zaidi. Aliyezoea C hukunja kwa mwendo mdogo wa ulimi. Kwenye F ya chini ulimi unarudi nyuma na kulala, taya linashuka, kama mtu anayezuia mwayo mbele ya wakwe. Na mwendo wenyewe uwe wa polepole. Wengi wanakata tamaa hapa kwa sababu wanautafuta mkunjo mahali pale walipouacha kwenye C.

Wapo wanaoiita besi. Harmonika ya besi ni chombo kingine kabisa, kikubwa, na kwenye ile ya kawaida ya okestra kila noti hupatikana kwa kupuliza tu. Hii yetu ni ileile ya kupuliza na kuvuta, imeshushwa tu. Tundu la kwanza la C ya kawaida, ukipuliza, hutetema karibu mara 262 kwa sekunde. C ya chini ni nusu yake, 131. Ipo hata F iliyoshushwa mara mbili, inayoanzia kama 87, jirani kabisa na waya mnene wa gitaa, ambao ni 82.

Wengine hushauri: "Iloweke majini iwe laini." Usifanye hivyo, hasa kama kiunzi chake ni cha mti: kitavimba na kukukwaruza midomo. Maji ya ziwani yana mchanga juu ya hayo. Ipashe joto kiganjani kabla ya kupiga, yatosha.

"Ya nini kununua? Shusha ya kwako mwenyewe." Anayesema hivi huwa amemwona mpiga ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, akivuta vyuma vyake ili virefuke na sauti ishuke. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini kilimi cha harmonika kimefungwa kwa ribiti, hakivutiki. Unachoweza ni kukikwangua: karibu na shina sauti inashuka, karibu na ncha inapanda. Kwa kushusha kidogo inawezekana, kwa mwenye mkono mtulivu. Oktavo nzima, yaani hadi nusu ya mtetemo, hapana, kwani kilimi kingebaki chembamba kama karatasi. Ndiyo maana watengenezaji huongeza uzito nchani badala yake. Mimi nilijaribu kwa pini ya nguo juu ya G yangu ya zamani. Kilimi cha tundu la 4 kilipinda kama kucha, na hadi leo tundu hilo linatoa hewa tu. Ukitaka kushuka bila kupata hasara, anza na G ya kawaida, ambayo huanzia 196, uizoee, halafu F ya chini, halafu D ya chini.

Mwisho, usitarajie ivume kama ngoma. Sikio la binadamu husikia noti za chini kwa unyonge kuliko za kati, na kilimi hiki ni kidogo mno kusukuma hewa nyingi. Mwaloni, penye jenereta na upepo, mtu wa hatua tano hasikii kitu. Jukwaani inataka maikrofoni iliyofumbatwa mkononi pamoja na harmonika yenyewe. Nyumbani mimi hupigia konani, uso nimeugeuzia ukuta ili sauti inirudie. Mama mwenye nyumba anadhani nimenuna.