Si kweli kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo

Ujumbe huu hauzeeki kwenye magrupu: eti binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na atakayezifungua 90 zilizobaki atakuwa na akili za ajabu. Sivyo.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake mtu akiwa ametulia. Mashine zinazofuatilia mtiririko wa damu kichwani huonyesha shughuli kila upande, hata usingizini. Ushahidi ulio wazi zaidi ni kiharusi: sehemu ndogo tu ikikosa damu, mtu anaweza kupoteza usemi au nguvu za mkono. Ingekuwa 90 ni za akiba, majeraha mengi yasingeacha alama yoyote.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Picha za ubongo huchapishwa zikiwa na madoa machache ya rangi, nasi tukadhani kwingine kumelala. Kumbe rangi huonyesha palipoongeza kazi tu. Tena inapendeza kuambiwa una hazina iliyofichika (wauza kozi na vidonge wanalijua hilo vizuri).

Ukiupokea tena, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa upole, kwa mfano huo wa kiharusi.